Baridi Yabisi na Mwendo wa Watu wa Buha

Leo hatutasoma habari za watawala wala za vita. Tutasoma historia ya goti.

Usicheke. Goti nalo lina historia yake, tena ndefu. Mtu wa nchi yetu akifika umri wa miaka 50 hivi, akaamka asubuhi magoti yamekaza, akashindwa kuchuchumaa au kushuka bondeni kuteka maji, wanawe humwambia neno moja: "Baba, pumzika. Mama, kaa, sisi tutafanya." Neno hilo ni la upendo na la heshima, na mzee hulipokea. Huacha shamba, huacha kwenda sokoni kwa miguu, hukaa uani. Mwaka ukiisha goti lauma kuliko lilivyouma siku ile alipoambiwa apumzike, na mwili umekuwa mzito. Wengi wenu mmeyaona haya nyumbani kwenu. Basi swali letu ni hili: shauri la kupumzika limetoka wapi, na je, ni la kweli?

Tuanze na jina la ugonjwa wenyewe. Katika Kiswahili maumivu ya viungo huitwa baridi yabisi. Maneno hayo mawili yana asili ya Kiarabu. La kwanza kila mtu analijua. La pili maana yake ni kavu. Kwa nini goti linalouma liitwe "baridi kavu"? Waganga wa Kiyunani wa zamani, na hasa Galeni aliyeishi katika karne ya 2, walifundisha kwamba mwili wa binadamu umetawaliwa na hali nne, nazo ni joto, baridi, unyevu na ukavu. Hali hizo zikilingana mtu ni mzima. Moja ikizidi, mtu huugua. Elimu hiyo ilifasiriwa kwa Kiarabu, ikaendelezwa na mabingwa kama Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, ikafika pwani ya Afrika ya Mashariki pamoja na vitabu, dawa na biashara. Katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara ilipopita Tabora kwenda Ujiji, Kiswahili kilisafiri nayo, na maneno ya uganga yakiwa ndani yake. Wazungu wa kwanza, Burton na Speke, walipofika Ujiji mwaka 1858, waliwakuta watu wa pwani wamekwisha kutangulia.

Kwa hiyo kila tusemapo "baridi yabisi" twarudia elimu ya miaka 1,800 iliyopita bila kujua. Ndiyo maana mzee wa Heru Juu, ambako asubuhi ya mwezi wa Julai ukungu hupenya hadi kwenye mifupa, huvaa sweta mbili, husogea karibu na moto na kusema kwamba baridi imemwingia. Ni kweli wagonjwa wengi husikia maumivu zaidi wakati wa baridi, na kujifunika vizuri hutuliza. Walakini baridi siyo iletayo ugonjwa huo. Jina limebaki, elimu iliyolizaa imeachwa. Na jina lenyewe latudanganya kidogo, maana latufanya tudhani kwamba dawa ni joto la moto na kukaa kimya.

Waganga wa leo wameona nini ndani ya goti? Tazama mwisho wa mfupa wa kuku. Pale pana kitu cheupe, kigumu kidogo na chenye kuteleza. Kitu hicho ni gegedu, nasi tunalo vile vile. Gegedu halina mishipa ya damu ya kulilisha. Hulishwa na majimaji yaliyomo katika kiungo: mtu akikanyaga, gegedu hubanwa, akiinua mguu, huachiwa na kunyonya majimaji tena, mfano wa sifongo. Mguu usiotembea ni kama sifongo isiyobanwa. Na misuli ya paja, ambayo kazi yake ni kulishika goti lisiyumbe, hupungua upesi mtu akikaa. Magonjwa ya viungo ni mengi, nasi tutayagusa mengine baadaye, lakini lile la kuchakaa kwa gegedu ndilo liwasumbualo wazee wengi, na hilo ndilo nizungumzalo hapa.

Sasa turudi Buha. Watu wa nchi hii walikuwa watembezi tangu zamani. Katika milki za Heru, Muhambwe, Buyungu na nyinginezo, mtu alipanda na kushuka milima kila siku, kwa shamba, kwa maji, kwa ng'ombe. Wakati wa kiangazi watu walitelemka hadi Uvinza kupika chumvi katika chemchemi zilizo karibu na mto Malagarasi, wakairudisha mizigoni. Kazi hiyo ni ya kale mno: wataalamu waliochimba huko katika miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba chumvi ilipikwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Chakula kilikuwa ulezi, mtama, maharage, ndizi na majani ya porini. Na wenye ng'ombe wa pembe ndefu, au waliopewa ng'ombe kwa desturi ya ubugabire, walipata maziwa.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba zamani ilikuwa peponi. Njaa ilikuwako, sotoka iliua ng'ombe wengi katika miaka ya 1890, na watu wengi hawakufikia umri wa kuumwa magoti. Nataka uone jambo moja tu: mwendo wa siku zile, ijapokuwa ulikuwa mwingi, ulifuata nguvu za mwenyewe. Mtu alipochoka alitua mzigo chini ya mti. Hapakuwa na mtu wa kumwandika.

Halafu ikaja kazi ya kuandikwa, na hapa sharti tukae kidogo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Katika miche 1,000 ikapona 62, na kutokana na hiyo 62 yakatoka mashamba ya Tanga na kwingineko. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo nchi ya Buha, iliyokuwa mbali na masoko na yenye mazao machache ya kuuza, ikawa ghala la watu. Kodi ilitakiwa kwa fedha, na fedha ilikuwa mashambani. Vijana walitembea kutoka Kibondo na Kasulu hadi kwenye reli, mwendo wa siku kadhaa, wakapanda gari la moshi kwenda kukata mkonge. Kila mmoja alipewa namba, nao wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha watu, kilichoitwa SILABU, na Waha walikuwa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi. Mambo hayo yaliendelea mpaka bei ya mkonge ilipoanza kuanguka katikati ya miaka ya 1960.

Wazee wenu wanalikumbuka neno kipande. Kipande kilikuwa karatasi ya siku 30 za kazi. Siku haikuandikwa kwa sababu mtu ameamka na kwenda shambani. Iliandikwa akimaliza kazi aliyopimiwa. Mkata mkonge aliinama, akakata jani, akaondoa mwiba, akafunga matita ya majani yaliyohesabiwa, akayabeba begani mpaka kwenye reli ndogo. Matita yakipungua, siku imepotea, hata kama goti lilikuwa limevimba kama boga. Posho yake ilikuwa hasa unga wa mahindi na maharage, ya kumtia nguvu ya kukata kesho.

Na tusiwasahau akina mama waliobaki nyumbani. Mume akiwa Tanga mwaka mzima na zaidi, jembe lake halikulala. Alilishika mke, juu ya lake mwenyewe, pamoja na mtungi, kuni na mtoto mgongoni. Yeye hakuwa na kipande wala mshahara, lakini kipimo chake nacho kiliwekwa na watu wengine.

Uchunguzi uliofanywa kwa wafanya kazi wa nchi nyingi umethibitisha kwamba kuchuchumaa, kupiga magoti na kuinua mizigo mizito kwa miaka mingi huharibu magoti. Kwa hiyo mtoto aliyemwona baba yake akishuka kutoka gari la moshi amepinda mgongo alijifunza jambo lenye ukweli ndani yake: kazi hii yaweza kumvunja mtu. Nami nadhani hapo ndipo shauri la "pumzika" lilipopata nguvu katika nchi yetu. Lilikuwa ni huruma kwa watu walionyimwa nafasi ya kupumzika. Ubaya wake ni kwamba liliweka katika kapu moja mambo mawili yasiyofanana, yaani kazi ipimwayo na msimamizi, na mwendo ambao mtu hujipimia mwenyewe.

Hata hospitali iliunga mkono shauri hilo. Huko London mwaka 1863 daktari mpasuaji John Hilton alitoa kitabu mashuhuri kilichofundisha kwamba maumivu ni ishara ya kupumzika, na kwamba mapumziko huponya. Katika Liverpool, Hugh Owen Thomas alivumbua banzi za kufunga mguu usisogee kabisa, kwa muda mrefu. Tusiwacheke. Wagonjwa wao wengi walikuwa na kifua kikuu cha mifupa na viungo, na dawa ya kukiua, streptomaisini, haikupatikana mpaka miaka ya 1940. Kwa kiungo kilichooza kwa kifua kikuu, kutulia lilikuwa jambo la maana. Kosa likatokea pale shauri la kiungo kimoja kinachoumwa kifua kikuu lilipofanywa kuwa la kila kiungo na kila maumivu, likasafiri na vitabu vya uganga hadi zahanati za makoloni.

Mabadiliko yalianza polepole. Mwaka 1947 Mwingereza Richard Asher aliandika juu ya hatari za kulala kitandani: damu huganda, misuli hulegea, viungo hukakamaa, moyo huvunjika. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walitangaza jambo lililowashangaza wengi. Waliwachunguza wafanya kazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaona makondakta waliopanda na kushuka ngazi kutwa walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kitini. Baadaye, katika Toronto, daktari Robert Salter alionyesha kwa kuwachunguza sungura kwamba kiungo kilichofungwa huharibika, na kilichosogezwa hupona vizuri zaidi. Kisha mwaka 1997 ulitolewa nchini Marekani uchunguzi wa watu 439 wenye umri wa miaka 60 na zaidi, wote wenye magoti yaliyochakaa. Kwa muda wa miezi 18 wengine walitembea kwa utaratibu, wengine waliinua vitu vizito kiasi, wengine walipewa mafundisho tu. Wale waliotembea na walioinua vitu waliumwa kidogo kuliko waliofundishwa tu, tena walifanya shughuli zao kwa wepesi zaidi. Nafuu haikuwa ya ajabu; ilikuwa ya kiasi. Lakini magoti hayakuvunjika, na hilo ndilo watu walilokuwa wakiogopa.

Je, habari hizi zilifika kwetu? Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamisha watu kwenda vijijini kando ya barabara, na wengi wakawa na mwendo mrefu zaidi hadi mashamba yao ya zamani. Mwaka uliofuata ilikuja kampeni ya radio ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Katika Mtu ni Afya watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza radio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, halafu wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Walifundishwa juu ya malaria, minyoo, kichocho, kuhara na kifua kikuu. Goti halikuwamo, na ilikuwa haki lisiwemo, maana mtoto alikuwa akifa kwa kuhara na nani angezungumza juu ya goti la babu? Walakini nchi ilipopata uhuru mwaka 1961 wastani wa maisha ya mtu ulikuwa chini ya miaka 45, na leo umepita 65. Watoto wale waliookoka wamekuwa wazee, nao wana magoti.

Pia mambo mengine yamebadilika. Mwendo wa kwenda sokoni umechukuliwa na pikipiki. Muhogo na mahindi vimeushinda ulezi. Chai ina sukari vijiko vinne, na andazi limekaangwa. Hivyo yuko mama wa Kasulu mjini ambaye ni mzito kuliko alivyokuwa bibi yake, mwenye misuli dhaifu kuliko ya bibi yake, na goti lile lile.

Basi mtu kama huyo arudije? Sharti lake la kwanza ni kukataa kipande. Asianze kwa kujipimia kazi ya kijana. Aanze kwa dakika 5 hadi 10 za kutembea mahali tambarare, baada ya viungo kulegea asubuhi, siku tatu au nne kwa wiki. Maumivu kidogo wakati wa kutembea hayadhuru. Kipimo ni kesho yake: akiamka goti linauma zaidi ya desturi, jana alizidisha, apunguze lakini asiache. Likiwa kama kawaida, wiki ijayo aongeze dakika chache. Nyumbani akae juu ya kiti imara, asimame bila kujisukuma kwa mikono, mara 5, apumzike, arudie. Akiwa amekaa, anyoshe mguu mmoja mbele yake, ahesabu mpaka 5, aushushe. Kazi hiyo huijenga misuli ya paja. Bakora ishikwe kwa mkono wa upande ule usiouma. Wengi huishika kinyume. Ndoo ya lita 20 igawanywe safari mbili za lita 10. Jembe litiwe mpini mrefu, ili mgongo na magoti visikunjwe mno.

Upande wa chakula, uzito ni jambo kubwa kwa aliyenenepa. Uchunguzi mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba kila kilo moja apunguzayo mtu mnene hupunguza mzigo wa kilo 4 hivi juu ya goti katika kila hatua. Piga hesabu: aliyepunguza kilo 5 amelitua goti lake uzito wa ndoo nzima ya lita 20, kila akanyagapo. Na mwaka 2013 uchunguzi wa watu 454 ulionyesha kwamba waliounganisha chakula cha kiasi na mazoezi walipata nafuu kuliko waliofanya moja tu kati ya hayo mawili.

Hakuna haja ya chakula cha dukani. Ugali wa muhogo hutia nguvu, lakini protini yake ni kidogo sana. Bonge lipunguzwe; maharage yetu, kisamvu, mchicha na dagaa wa Ziwa Tanganyika viongezwe. Mawese yatiwe kwa kijiko badala ya kumiminwa. Sukari ipunguzwe katika chai siku baada ya siku, ulimi utazoea. Lakini wewe bibi mwembamba usijinyime hata kidogo! Wewe wahitaji maharage, mayai na maziwa, ili misuli ipate cha kujijengea. Na wote mjue kwamba hakuna chakula kikuzacho gegedu upya. Mtu akikuuzia unga au mafuta ya kulikuza, anakuuzia maneno.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki hutuliza, lakini vikimezwa kila siku bila shauri la mganga vyaweza kutoboa tumbo na kudhuru figo. Tena usitembeze kila goti. Kiungo kilichovimba ghafla, chenye moto na homa, chataka hospitali siku hiyo hiyo. Viungo vya mikono yote miwili vikivimba na kukaza kila asubuhi kwa muda wa saa moja au zaidi, huo huenda ni ugonjwa mwingine wenye dawa zake, na kuchelewa hulemaza. Kidole gumba cha mguu kikiuma usiku kama kinachomwa moto, hasa kwa mnywa pombe, huenda ni jongo. Hilo nalo lina dawa.

Mwisho, habari ya majira. Katika nchi yetu watu wengi hukaa wakati wa kiangazi, halafu mvua za kwanza zikinyesha mwezi wa Oktoba huruka kutoka kitini hadi shambani kwa siku moja, nayo magoti hulia mpaka Desemba. Anza Julai. Tembea, simama na kuketi, ongeza polepole, ili Oktoba ikukute tayari. Na siku ya kwanza ya kulima pima kipande chako mwenyewe, hatua 10 kwa hatua 10, ukimaliza weka jembe, rudi nyumbani, ungoje asubuhi goti liseme kama lataka 12.